Rufiji, Ruaha Mkuu au Wami: uende mto upi kuangalia wanyama?

Kila mwaka mvua za masika zikianza kukatika, kuna swali hunifikia kwenye simu: "Tunataka kwenda mbugani mahali penye mto. Twende wapi?" Anayeuliza mara nyingi yuko Dar es Salaam, ana siku tatu au nne, ana gari la kuazima au kikundi cha kuchangishana mafuta. Kaskazini keshafika, au kapiga hesabu akaona ni mbali. Ukimsikiliza, utakuta kakwama kwenye majina matatu ya hifadhi: Nyerere kwa ajili ya Rufiji, Ruaha kwa ajili ya Ruaha Mkuu, na Saadani kwa ajili ya Wami.

Zote tatu nimeshazikanyaga zaidi ya mara moja, na kila moja nina siku niliyorudi nikiisifu na siku niliyorudi nikinung'unika. Kwa hiyo sitakuambia ipi ni bora. Nitaziweka kwenye mizani moja, wewe ndiye unayejua mfuko wako na watu utakaosafiri nao.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia vitano. Kwanza mto wenyewe: je, unaupanda kwa boti, unakaa kando yake, au unaufuata mpaka baharini? Pili wanyama, kwa maana ya utakaowaona kweli, si wale waliochorwa kwenye kipeperushi. Tatu njia, yaani barabara na saa za safari. Nne mwezi. Tano fedha.

Hicho cha nne watu hukiruka, na ndicho kinachoamua mengi. Mto ukijaa unapendeza macho, lakini wanyama hawana haja nao, maana kila dimbwi porini lina maji. Ukipungua, mandhari inaparara na vumbi linakujaa puani, lakini kila mwenye kiu anaufuata. Mto mzuri na wanyama wengi ni vitu viwili vinavyovutana, na mara nyingi kuchagua hifadhi ni kuchagua upande upi wa kamba ushike.

Mto wenyewe

Rufiji ni mto wa kupanda. Unaanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kisha Ruaha Mkuu nao unaingia, na ukishatoka kwenye korongo unatanuka kwenye tambarare na kuanza kuhamahama. Kila ulipohama uliacha ziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Ndiyo maana boti ya Nyerere si ya kwenda mbele na kurudi tu. Unatoka mtoni, unapita mlango mwembamba wa matete, unajikuta ziwani.

Picha iliyonibaki ni ya mivumo iliyokufa imesimama majini, mashina matupu kama nguzo za simu, na juu ya kila la tatu au la nne furukombe ametulia. Nahodha alizima injini, tukaanza kuchukuliwa na maji taratibu. Mbele yetu palikuwa na kama mawe meusi hivi. Jiwe moja likapepesa sikio. Alisubiri kidogo, akawasha injini bila kusema neno, akazunguka kwa mbali. Baadaye ndipo akatueleza kwamba anayemhofia si kiboko unayemwona, ni yule aliyezama ukapoteza hesabu yake.

Jambo moja ulijue mapema. Ndani ya hifadhi hii ndipo lilipo Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, lenye mitambo ya megawati 2,115. Mto unaouona chini ya bwawa sasa una mlango juu yake. Bado ni mpana na bado una fukwe za mchanga, ila mzee wa Mloka, kijiji cha jirani na hifadhi, akikuambia haupandi na kushuka kwa kalenda ile ya zamani, ujue anasema kweli.

Ruaha Mkuu ni mto wa kukaa kando. Boti usiitegemee. Unaegesha gari kwenye kingo, unazima, unangoja. Mto unatoka bonde la Usangu, na tangu 1993 umekuwa ukikauka kipande cha kiangazi kila mwaka, kwa sababu maji mengi huishia kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji kule juu kabla hayajafika hifadhini. Mwenyeji wa Iringa atakuambia jina lenyewe limetokana na Luhava, neno la Kihehe la mto, na inauma kidogo kusimama kwenye mto ulioitwa Mto ukiangalia mchanga.

Lakini mchanga huo ndio utamu wa Ruaha. Twende Mwagusi, mto mdogo unaoingia Ruaha Mkuu, mwezi wa tisa. Juu hakuna tone. Tembo jike alikuwa anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, anauchota kwa mkonga na kuutupa pembeni, mpaka shimo likawa la urefu wa mkono. Akasimama. Kwa dakika kadhaa hakufanya lolote, nasi garini tukadhani kachoka. Kumbe anangoja maji yajikusanye. Mkonga wa kwanza aliumwaga, ulikuwa tope. Wa pili akanywa. Alipoondoka nyani wakashuka kwenye shimo lile lile, na swala pala walikuwa nyuma yao wakisubiri zamu. Tulikaa hapo saa nzima, na hakuna aliyeuliza habari za simba.

Wami ni mto wa kuishia. Hapa hakuna upana wa Rufiji wala hadithi ya kiangazi. Unapanda boti mahali penye miti mikubwa, mbega wako juu, viboko na mamba wako chini, na kadiri unavyoshuka miti inabadilika kuwa mikoko, maji yanaanza kuwa na chumvi, halafu mbele yako panafunguka: bahari. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa Tanzania Bara ambako nyika inashuka hadi kwenye ufukwe wa Bahari ya Hindi. Safari ya boti ni fupi, nusu siku inatosha na kubaki. Kabla hujapanga saa, uliza maji yanajaa na kupwa saa ngapi siku hiyo.

Wanyama

Hapa niwe mkweli, maana ndipo watu wanapodanganyana.

Ruaha ndiyo yenye meza iliyojaa zaidi. Simba wake wanajulikana kwa makundi makubwa, tembo ni wengi, chui wapo kwenye miti ya kando ya mito, na mbwa mwitu hupita pita. Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa wanyama hulifuata kwa makusudi: hifadhi hii ni mpaka wa nyika mbili, ile ya mashariki na ile ya miombo ya kusini, kwa hiyo utakuta tandala mkubwa na tandala mdogo, palahala na korongo (namaanisha swala, si ndege) ndani ya hifadhi moja. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 20,000, na magari ni machache. Ukimkuta simba, mara nyingi uko naye peke yako.

Nyerere ni kubwa zaidi, karibu kilomita za mraba 31,000, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Usiogope ukubwa huo, kwa kuwa wageni wengi huzungukia upande wa kaskazini wenye maziwa. Ni moja ya sehemu zinazoaminika zaidi barani kwa mbwa mwitu, viboko na mamba huwezi kuwahesabu, na ndege wa majini ni karamu: keremkerem wanaotoboa kingo za mto kutengeneza viota, mdiria, korongo wa kila saizi (sasa ni ndege). Twiga wako kaskazini mwa Rufiji, ukivuka kusini hawapo, na ni swali zuri la kumchokoza mwongozaji wako. Simba wapo, ila vichaka ni vingi na kumwona kunahitaji subira.

Saadani ina twiga, nyati, kuro, tohe, kongoni, ngiri. Tembo na simba wapo pia, wachache na wenye aibu. Nilishawahi kukaa siku mbili nisione hata unyoya wa simba. Ukienda ukiwa na orodha ya "wakubwa watano" (simba, chui, tembo, nyati na faru) utarudi umenuna. Ukienda kumwona heroe kwenye mabwawa ya chumvi asubuhi, au kuuliza kama kuna mayai ya kasa yanayokaribia kuanguliwa pwani ya Madete, utarudi na cha kusimulia ambacho aliyetoka Serengeti hana.

Njia

Saadani ndiyo ya karibu. Kuna ya kupitia Bagamoyo na kuvuka Wami, na kuna ya kuzunguka Chalinze hadi Mandera kisha kuingia Miono. Uliza hali ya barabara wiki unayoondoka, si mwezi uliopita. Udongo wa huko ni mweusi wa kunata, ukinyeshewa unageuka ugali. Ndugu yangu mmoja aliingia na gari dogo akiamini wingu lile litapita. Walilala garini, wakavutwa asubuhi na trekta, na bei ya trekta haikuwa ya udugu.

Nyerere, kutoka Dar unapita Mkuranga na Kibiti kwa lami, halafu unakata kuelekea Mloka hadi lango la Mtemere. Lami ikiisha ndipo safari inapoanza. Jipe saa tano hadi saba, na gari liwe la juu. Upande wa pili ni kupitia Morogoro na Kisaki hadi lango la Matambwe, barabara ndefu ya mashimo lakini yenye mandhari ya milima ya Uluguru. Wenye muda hupanda treni ya TAZARA, maana reli yake inakatiza ukingo wa kaskazini wa hifadhi, na si ajabu ukaona twiga kabla hujalipa kiingilio. Ratiba ya treni lakini ina tabia zake. Mwenyeji wako wa kukupokea stesheni awe mvumilivu.

Ruaha ndiyo ya mbali. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500 za lami, ukipita katikati ya Mikumi ambako unaendesha pole pole ukipenda usipende, kwa ajili ya wanyama na faini. Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni takriban kilomita 130 nyingine. Kwa siku moja inawezekana. Kwa watoto na wazee naona ni adhabu. Lala Iringa mjini, kesho yake asubuhi pitia Isimila uone nguzo za mchanga na zana za mawe za watu wa kale, kisha uingie hifadhini mchana. Hapo safari ndefu inageuka safari mbili kwa mafuta mamoja.

Ndege ndogo zinatua zote tatu, mwenye uwezo hana haja ya kusoma sehemu hii.

Mwezi

Juni hadi Oktoba ni salama kwa zote. Ndani ya hapo kuna tofauti. Ruaha huwa inanoga kadiri kiangazi kinavyobana, Septemba na Oktoba ikiwa kilele, joto likiwa kali na miti imebaki mifupa. Mibuyu inakuwa uchi na jua la jioni linaipaka rangi ya shaba. Ukitaka Ruaha Mkuu wenye maji yanayotiririka na nyasi za kijani, nenda Juni, ila kubali kwamba wanyama bado wametawanyika.

Nyerere inavumilia zaidi, kwa sababu Rufiji haukauki. Julai kuna ubaridi wa kupendeza kwenye boti asubuhi, Oktoba maziwa yamepungua na mamba wamebanana kwenye fukwe. Machi hadi Mei kambi nyingi hufungwa na barabara za ndani huzama. Mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti yaliwakumbusha wote kwamba bonde ni la mto, sisi ni wapangaji.

Saadani unaweza kwenda karibu mwaka mzima usipoingia masika na ukichungulia mvua za vuli. Uzuri wake ni kwamba mvua ikikuharibia msituni, bahari bado ipo.

Mbung'o wapo Nyerere na Ruaha. Nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani, zinawaita.

Fedha

Kiingilio kwa Mtanzania kinalipwa kwa shilingi na si mzigo, kinahesabiwa kwa saa 24, na malipo ni kwa kumbukumbu namba, si noti mkononi. Bei za mwaka husika ziangalie kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mwenyewe. Kinachokula hela ni gari, mafuta na malazi, na boti pale ilipo.

Kwa hesabu hiyo Saadani ndiyo nyepesi, kwa sababu mafuta ni kidogo na usiku mmoja unatosha. Ruaha inakuja katikati kwa namna ya ajabu: iko mbali, lakini kuna mabanda ya hifadhi pale Msembe kando ya mto, unabeba mchele na jiko lako, na kijiji cha Tungamalenga nje ya lango kina malazi ya bei ya kawaida. Huna boti ya kulipia. Nyerere ukilala Mloka unapunguza gharama, lakini boti inaongeza, na bila boti umeenda Nyerere nusu.

Kuhusu boti, lipia pale pale au kwa mtu unayemfahamu. Mwaka mmoja tulimtumia wakala pesa zote wiki mbili kabla, tukafika tukaambiwa petroli ya boti imekwisha, turudi kesho. Kesho yetu ilikuwa ya kurudi Dar. Na kabla hujapanda omba jaketi la kujiokolea ulivae, hata kama wengine wanalikalia kama mto wa kiti.

Nani aende wapi

Una Jumamosi na Jumapili tu, watoto chini ya miaka kumi, na bibi anayetaka kuona bahari: Saadani. Boti asubuhi, kuzunguka porini jioni, samaki wa kukaanga kijijini usiku. Waambie watoto mapema kwamba simba huenda wasimwone, usiwaahidi.

Una siku tatu au nne, hujawahi kupanda boti katikati ya viboko, na unapenda ndege au kupiga picha za maji: Nyerere. Weka siku moja nzima ya mtoni na ziwani, siku ya pili ya gari. Kwa watu wazima wanaopenda kutembea, omba safari ya miguu na askari wa hifadhi. Watoto wadogo hawachukuliwi. Mpenda historia aulize njia ya Beho Beho, liko kaburi la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani hapo Januari 1917 na pori likabeba jina lake kwa miaka mingi.

Una siku tano au zaidi, kaskazini keshakuchosha kwa foleni za magari, na unaweza kukaa saa mbili kwenye mti mmoja bila kulalamika: Ruaha, na iwe Septemba. Kama kwenye gari kuna mtu anayeuliza "tunaondoka saa ngapi hapa" kila dakika tano, mpeleke Rufiji. Boti inasogea, atafurahi.

Fungate? Nimeona waliofurahi kote. Wanaopenda kuoga baharini Saadani, wanaopenda kelele za viboko usiku Nyerere. Ruaha wapelekwe wale waliokwisha kugombana garini wakapatana.

Na ukiwa na wiki nzima na dereva wa kupokezana, unganisha Ruaha na Nyerere. Anzia Iringa, teremka hadi Morogoro, ingia kwa Matambwe. Ni barabara ya kuchosha, sikufichi. Lakini maji utakayoyaona yakibaki madimbwi Msembe ndiyo yale yanayopita bwawa la Mtera, yakazungusha mitambo, yakashuka Kidatu, na siku mbili baadaye uko kwenye boti, nahodha anakuonyesha kwa kidole: "Ruaha unaingilia kule juu." Jaza mafuta Morogoro mjini, na tairi la akiba yawe mawili.